Kozi wa Malta wa mwaka 1941: nimemchonga kwa mfenesi, lakini kanenepa na sijui kosa liko wapi

Patasi wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu mafundi na wapenzi wa filamu za kale.

Mimi ni mchongaji wa milango na masanduku hapa Chake Chake, na kazi yangu ya kila siku ni maua, minyororo na mawimbi ya nakshi. Miezi minne iliyopita nilikaa na mjomba wangu tukaitazama The Maltese Falcon, ile ya mwaka 1941 iliyoongozwa na John Huston, ambamo Humphrey Bogart anacheza mpelelezi Sam Spade, na tangu usiku ule sanamu ya kozi mweusi, yule ndege mwindaji, ambayo watu wote wa kisa kile wanaigombania haijanitoka kichwani. Nikaazimia kumtengeneza wa kwangu, tena kwa vipimo, hata mtu aliyeitazama filamu akimkuta juu ya rafu yangu asiseme kwamba anafanana naye, aseme kwamba ndiye.

Suala la kuchonga kiumbe nimelipeleka kwa maalim wangu kabla sijashika patasi, na jawabu alilonipa ninalo mimi. Naomba kwa heshima uzi huu usielekee huko, kwani ninachohitaji ni msaada wa vipimo.

Nilichofanya ni hiki. Nilikuwa na gogo la mfenesi lililokaa kivulini miaka miwili, nikalisimamisha ili nyuzi za mti ziende wima kutoka kichwani hadi kitakoni. Filamu niliisimamisha kwenye televisheni kila kozi alipoonekana vizuri, nikapiga picha kwa simu, kisha nikazichapisha dukani kwa kiasi cha sanamu yenyewe, yaani urefu wa inchi 12, sawa na sentimita 30 na nusu. Kutokana na picha hizo nilipata kifua chenye upana wa sentimita 13, na unene wa mbele hadi nyuma unaokaribia hapo. Mdomo ulinivunjikia siku ya tatu, kwa sababu mdomo unatokeza mbele na nyuzi zinapita juu kwenda chini, kwa hiyo panabaki pafupi mno na patasi ikigusa kidogo tu panakatika. Nilitoboa tundu, nikapachika kijiti chengine ambacho nyuzi zake zinakwenda mbele, nikagandisha kwa gundi na unga wa mbao. Hilo halinisumbui tena.

Baada ya hapo nilimpaka mafuta ya mgando, nikatengeneza kalibu kwa silikoni ya madirisha iliyochanganywa na unga wa wanga wa mahindi, mirija mitano kamili, nikaivika koti la jipsam la vipande viwili. Kalibu limetoka safi, hata alama za msasa zinaonekana ndani yake. Ila nilipomsimamisha kozi wangu kando ya picha za filamu zilizomo mtandaoni, nikahisi kuna jambo. Uso ni wake, mabawa yaliyokunjwa ni yake, lakini kwa jumla anaonekana kama kuku aliyevaa joho. Nimempima mara tatu dhidi ya picha zangu na kila kipimo kinakubali. Kosa liko wapi?

Mpenda Filamu wa Vuga

Waalaykum salaam, fundi. Kazi ya mdomo uliyoieleza peke yake inatosha kuonesha kwamba hukufanya mchezo.

Kabla hatujaingia katika vipimo, ni vyema tuelewane ni kozi yupi unayemfuata, maana hakuwa mmoja. Kwa ajili ya filamu ile zilitengenezwa sanamu kadhaa, nyengine za madini ya risasi na nyengine nyepesi za plasta. Iliyopata umaarufu zaidi ni ya risasi iliyopigwa mnada New York mwezi wa Novemba 2013 na kununuliwa kwa dola 4,085,000. Sanamu hiyo ina urefu wa takriban inchi 12, kwa hiyo kipimo chako cha urefu hakina tatizo, na uzito wake ni ratili 45, yaani zaidi kidogo ya kilo 20. Unyoya mmoja wa mkia wake umepinda, na husimuliwa kwamba aliangushwa wakati wa kupiga picha, jambo linaloaminika kwa urahisi na yeyote aliyewahi kubeba kitu kidogo cha kilo 20 ambacho hakina pa kushikia.

Nakuongezea moja ambalo si la vipimo lakini litakufaa ukifika kwenye rangi. Maandishi ya mwanzo wa filamu yanasema kwamba kozi alitolewa mwaka 1539 na mashujaa wa Templar wa Malta kuwa zawadi kwa mfalme Charles wa Tano. Hapo waandishi waliteleza, kwani jumuiya ya Templar ilikwisha vunjwa tangu mwaka 1312. Waliopewa Malta na mfalme huyo, mwaka 1530, ni mashujaa wa Mtakatifu Yohana, na kodi waliyotakiwa kuilipa kila mwaka ilikuwa kozi mmoja aliye hai. Sanamu ya dhahabu na vito imebuniwa na mtunzi wa kisa. Katika kisa, dhahabu hiyo ilifichwa chini ya rangi nyeusi, na yule bwana mnene anayemsaka, anayechezwa na Sydney Greenstreet, anapomkwangua kwa kisu mwishoni mwa filamu anakuta risasi. Kwa hiyo rangi ya kozi yako inatakiwa ionekane kama kitu kilichopakwa ili kufunika kitu chengine, isionekane kama weusi wa mti au wa jiwe.

Kuhusu unene sina jawabu bado. Tafadhali weka picha ulizozitumia.

Maalim wa Kemia

Ndugu wawili hapo juu mmetupatia takwimu mbili ambazo zikikutanishwa zinatoa ya tatu. Risasi ina uzito wa gramu 11.34 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ratili 45 ni kilo 20.4. Ukigawa unapata lita 1.8. Ikiwa kozi wa mnada amejazwa risasi pote bila ya uwazi ndani, basi kiwiliwili chake chote, pamoja na kitako, kinachukua nafasi ya lita 1.8 na si zaidi.

Wewe fundi unalo kalibu lisilovuja. Lijaze maji mpaka ukingoni, kisha uyamimine maji hayo katika kitu chenye kipimo, nawe utajua kozi wako ana lita ngapi. Njia hii haidanganywi na macho, kwa sababu maji hayajui kozi anatakiwa afanane na nani.

Patasi wa Chake

Maalim, ahsante. Nimefanya hivyo leo baada ya Alasiri, nikatumia chupa za maji za lita moja na nusu. Chupa ya kwanza iliingia yote. Ya pili nayo iliingia yote, ikabakia mafunda mawili hivi chini ya chupa. Kwa maana hiyo kozi wangu anakaribia lita tatu!

Nilikaa nikalitazama kalibu kwa muda. Lita 1.8 na lita 3 si tofauti ya kupitisha msasa. Picha nimeziweka hapa chini, tano za mbele na nne za ubavuni, zote nimezipiga nikiwa nimekaa kwenye mkeka, kama hatua nne kutoka kwenye televisheni, ili simu isipotoshe umbo kwa ukaribu.

Maalim wa Kemia

Naomba niweke tahadhari kabla hujamhukumu kozi wako. Hesabu yangu inategemea sharti la kwamba sanamu ya risasi haina uwazi ndani. Ingekuwa na uwazi, uzito ungebaki kilo 20.4 lakini umbo lingekuwa kubwa kuliko lita 1.8. Kwa hiyo lita 1.8 ni kiwango cha chini kabisa, wala haithibitishi peke yake kwamba wewe umekosea. Tunahitaji ushahidi wa pili usiotokana na uzito.

Mpenda Filamu wa Vuga

Ushahidi wa pili ninao, na umo ndani ya picha zako mwenyewe, fundi.

Zitazame pembe za picha hizo. Filamu imejaa kioo chote cha televisheni yako, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, wala hapana hata ukanda mmoja mweusi pembeni. Filamu za zama zile zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana ukiwa mara 1.37 ya kimo. Televisheni za leo upana wake ni mara 1.78 ya kimo. Filamu ya mwaka 1941 ikioneshwa sawasawa katika televisheni ya leo lazima ibakishe mapande meusi kushoto na kulia. Yasipokuwepo, ama picha imekatwa juu na chini, ama imevutwa kwa upana. Yako haikukatwa, kwani kofia za watu zinaonekana kamili na nafasi juu yake. Imevutwa.

Sasa gawa 1.78 kwa 1.37. Utapata 1.3. Kila kilichokuwa na upana wa sentimita 10 televisheni yako imekupa 13. Na kwa kuwa ulipima upana katika picha za mbele na unene katika picha za ubavuni, umeongezewa mara mbili, huku kimo kikibaki vile vile kwa sababu kimo hakikuvutwa. Mara 1.3 kwa mara 1.3 ni 1.69. Zidisha lita 1.8 za Maalim kwa 1.69 uone.

Utauliza ilikuwaje hukuona kwamba watu nao wamenenepa. Nadhani sababu ni kwamba katika zile sehemu ambazo kozi yumo, anayekaa katikati ya picha mara nyingi ni Sydney Greenstreet, na bwana yule alikuwa na kiwiliwili cha kutosha tangu kabla televisheni haijamgusa.

Patasi wa Chake

Lita 3.04! Subhanallah.

Nimekwenda kwa mjomba usiku huu huu. Televisheni ni yake, na ni kweli kwamba aliiweka ijaze kioo, kwa sababu anasema hakununua kioo kizima ili atazame nusu yake. Nimeirejesha katika umbo la asili mbele yake, mapande meusi yakatokea, na Bogart akakonda papo hapo. Mjomba amekasirika kidogo lakini amekubali iwe hivyo mpaka nimalize kupiga picha zangu upya.

Nimepima tena. Kifua kimekuwa sentimita 10. Nashukuru kwamba nilichonga mti wala sikufinyanga, kwa kuwa mti uliozidi unapunguzika. Linaloniuma ni mirija mitano ya silikoni, ambayo bei yake kwa hapa Pemba si ndogo, na ambayo sasa imekuwa kalibu la kuku.

Nakshi wa Malindi

Mwanangu wa Chake, nimekuwa nikiusoma uzi huu bila ya kusema kitu, maana hesabu ni za wenyewe. Lakini umefika kwenye mti, na hapo nina la kukwambia, kwa kuwa nimechonga mfenesi, msaji na mvule kwa zaidi ya miaka arubaini.

Usimpunguze kwa kumkwangua pande zote kidogo kidogo ukitumai utafika sentimita 10. Ukifanya hivyo nyuso zote zitakuwa za mviringo na utapoteza mabega, nayo mabega ndiyo yanayomfanya kozi yule asimame kama askari. Piga mstari wa kati kwa penseli mbele, nyuma na juu ya kichwa, kisha kata kwa msumeno vipande bapa kushoto na kulia kwa kipimo sawa kutoka kwenye mstari, ukubali kwamba kazi yote ya manyoya imekwenda, na uanze upya kama kwamba gogo limeletwa leo. Najua inauma. Lakini unyoya uliochongwa juu ya umbo lenye kasoro haulirekebishi umbo.

La pili ni hayo manyoya yenyewe. Nimeitazama picha uliyoiweka ya kozi wako wa kwanza na nimeona umemchonga manyoya ya kifua yote kwa kina kimoja na ukubwa mmoja, kama magamba ya changu. Hiyo ni tabia yetu wachonga milango, tumezoea ua la kwanza lilingane na la mwisho. Ndege hayuko hivyo. Shingoni manyoya ni madogo na yamelala, kifuani yanakua, na kwenye bawa yanakuwa marefu kama upanga. Chukua bobari nyembamba, yaani patasi yenye ncha ya mviringo, uingie kwa ncha juu ya unyoya kwa kina cha ukucha, kisha uinue mkono kidogo kidogo hadi mfereji ufe wenyewe kabla ya kufika mwisho. Mfereji unaokufa wenyewe ndio unaoshika kivuli, na ikiwa filamu haina rangi, basi hapana kitu chengine cha kumwonesha ndege ila kivuli.

Patasi wa Chake

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Nimeyafanya yote mawili. Hayo magamba ya changu yameniuma zaidi kuliko silikoni, kwa sababu ni kweli.

Imechukua wiki tatu. Msumeno ulipopita, vipande viwili bapa vya pembeni vilianguka sakafuni vikiwa na nusu ya mabawa kila kimoja, na mtoto wangu akaviokota akidhani ni vitu vipya nimemtengenezea. Sasa kozi ana sentimita 10 kifuani, kwa upana na kwa unene. Nilimpaka vanishi mara tatu ili mti usinywe maji, kisha nikamzamisha katika ndoo iliyojaa hadi mdomoni na kukinga maji yaliyomwagika kwa beseni. Nimepata lita moja na mililita 850. Mililita 50 hizo nadhani ni za kitako, ambacho nimekiacha kinene kidogo kwa makusudi ili nimalizie baadaye.

Kalibu la pili limechukua mirija mitatu tu. Kwa wenye kutaka kujaribu: ifanyeni kazi hii nje penye upepo, kwa sababu silikoni ile inatoa harufu kali ya siki inayochoma macho, na ukizidisha wanga inagandia mkononi kabla hujaifikisha kwa ndege.

Sasa nimefika kwenye uzito. Kozi wa jipsam tupu wa lita 1.8 atakuwa na kama kilo mbili, na mtu akimnyanyua atajua papo hapo kwamba ameshika chaki.

Chubwi wa Nungwi

Ndugu fundi, mimi ni mvuvi wa mshipi, nami nakushangaa unavyohangaika wakati jawabu liko ufukweni. Sisi tunasubu wenyewe chubwi zetu, yaani vizito vya kuzamishia mshipi. Unachukua sufuria kuukuu, unaweka juu ya jiko la makaa, risasi inayeyuka kabla hujamaliza kikombe cha chai, unamimina katika kalibu, basi. Zile sahani zilizomo ndani ya betri kuukuu za gari zote ni risasi. Betri chache tu zitakupa kilo zako 20, na kozi wako atakuwa sawa na yule wa dola milioni nne kwa kila hali.

Maalim wa Kemia

Ndugu yangu wa Nungwi, nakuheshimu kwa ujuzi wako, na ni kweli kwamba risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327, ambazo jiko la makaa linazifikia bila ya taabu. Lakini pendekezo la betri nalipinga kwa nguvu zote, na naomba fundi asilifuate.

Sahani za betri si risasi safi. Zimejaa tope la misombo ya risasi pamoja na tindikali, na ukizivunja na kuziyeyusha, vumbi na moshi wake hutua uani, kwenye nguo, kwenye mikeka na mikononi mwa watoto. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walifariki kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008 kutokana na uchimbuaji wa risasi za betri kuukuu uliokuwa ukifanyika katika mchanga wa mtaani kwao. Na hapa jirani, wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walikwenda mahakamani baada ya kuishi kando ya kiwanda cha kuyeyushia betri. Fundi ametutajia kwamba ana mtoto anayeokota vipande sakafuni.

Hata tukiweka sumu pembeni, kwa kalibu alilonalo haiwezekani. Silikoni ya madirisha itaharibika kabla risasi haijatulia. Akimimina katika kalibu la jipsam, unyevu uliobakia ndani yake utageuka mvuke mara moja na kuirusha risasi ya moto usoni mwake, na kwa hewa ya visiwa vyetu, jipsam inayoonekana kavu mara nyingi bado ina maji ndani.

Ushauri wangu ni chuma. Hakifikii risasi, kwani sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.9 tu, lakini kinatosha kuudanganya mkono.

Chubwi wa Nungwi

Nimekuelewa, Maalim. Sisi tumezoea kuyeyushia nje na hatukuwa tukihesabu watoto. Nimelichukua.

Mpenda Filamu wa Vuga

Naongeza kwamba hata wenye uwezo wa kusubu madini hawasalimiki. Adam Savage, yule Mmarekani wa kipindi cha MythBusters, alieleza katika hotuba yake ya mwaka 2008 jinsi alivyomtengeneza kozi huyu huyu kwa picha na vipimo, akamsubu kwa shaba nyeusi, na mwishowe akatoka mfupi kuliko alivyokusudia, kwa sababu madini husinyaa yakipoa. Jipsam haisinyai, bali hutanuka kidogo sana inaposhika. Kwa anayetafuta usawa wa vipimo, fundi ana bahati kuliko Mmarekani.

Patasi wa Chake

Nimefuata njia ya chuma, na naieleza kwa urefu kwa kuwa mara ya kwanza niliiharibu.

Jipsam niliyonunua mwanzo ilikuwa ile ya kuzibia maungio ya dari. Inateleza vizuri lakini haina nguvu, na kozi wa kwanza aliyetoka humo alipasuka shingoni nilipokuwa nikivua kalibu. Kichwa kimebakia nacho, kiko dirishani karakana. Mara ya pili nilitafuta jipsam ya kusubia, nikaikoroga nzito kama uji wa mtoto, nikamimina kiasi cha vikombe viwili ndani ya kalibu na kulizungusha mikononi, juu, chini, ubavuni, mpaka ikashika kuta zote. Mdomo na kucha nilizitangulizia kwa brashi ya rangi ili hewa isikae. Nilirudia mara tatu, hata nikapata ganda lenye unene wa kama sentimita moja kasoro. Baada ya siku mbili nilipanga ndani yake vipande vya nondo za milimita 12, nilivyokatiwa na fundi chuma kwa urefu tofauti, virefu katikati na vifupi mabegani, na nafasi zilizobaki nikazijaza saruji laini ya maji maji huku nikigonga kalibu kwa nyundo ya mti ili ishuke.

Nimempeleka dukani kwa jirani, tukamweka kwenye mizani ya unga. Kilo sita na robo tatu. Ni thuluthi ya kozi wa mnada, na sidai zaidi ya hapo. Lakini kila anayemnyanyua kwa mkono mmoja hubadilisha na kushika kwa miwili, na hicho ndicho kitendo nilichokuwa nakitafuta.

Rangi bado. Nina rangi ya mafuta nyeusi ya kung'aa na nyeusi isiyong'aa. Ipi?

Mpenda Filamu wa Vuga

Inayong'aa, lakini ipunguzwe. Kitu cheusi kisichong'aa kabisa, kikipigwa picha isiyo na rangi, huwa tundu jeusi tu, na kazi yote uliyofundishwa na Mzee wa Malindi itapotea. Jaribu hivi: zima taa, weka taa moja ya mkono ubavuni mwa kozi, weka simu yako ipige picha nyeusi na nyeupe, kisha usogee hatua nne nyuma. Ukiona mstari mwembamba wa mwanga unaofuata bega na kushuka kwenye bawa, umefika. Paka mara mbili nyembamba kuliko mara moja nene, ili mifereji isizibe.

Chini ya weusi, paka kwanza rangi ya kijivu cha risasi. Silva iliyotiwa tone la nyeusi inatosha. Siku ikitokea mkwaruzo, kitakachochungulia kiwe risasi, kwani jipsam nyeupe itakuumbua.

Na chini ya kitako, kabla ya rangi, chonga jina lako, Chake Chake, na mwaka. Watu wameuziana vitu vya filamu kwa fedha nyingi na kwa maneno matupu, na kozi aliyepimwa hivi asipokuwa na alama ya fundi wake anaweza siku moja kuwa mtaji wa tapeli.

Patasi wa Chake

Nimechonga jina, mji na mwaka kabla ya kijivu, kwa herufi za kina, si za kukwangulika.

Kijivu kilikauka kwa siku mbili. Nyeusi ya kwanza imechukua siku tano na ya pili leo ni siku ya nne na bado inanata kwenye kidole, kwa sababu masika imeingia na karakana yangu ina ukuta mmoja tu. Jaribio la taa nimelifanya usiku wa jana na picha naiweka hapa. Mstari wa mwanga unatoka kichwani, unashuka begani, unakatika kidogo pale nilipoacha kina cha ziada kwenye unyoya wa tatu, kisha unaendelea hadi mkiani.

Mjomba amekuja kumtazama. Amemzunguka, amemnyanyua kwa mikono miwili, amemrejesha mezani, kisha akatoa mfukoni kisu chake cha kumenyea machungwa akauliza kama anaweza kumkwangua, maana anasema aliyevumilia mapande meusi kwa mwezi mzima ana haki hiyo. Nimemruhusu mkwaruzo mmoja tu, chini ya mkia, rangi ikishakauka. Kila asubuhi anapita karakana akielekea sokoni, anagusa kitako kwa kidole, anakitazama kidole, anaendelea na safari yake.